Masanduku ya Fundi Kioo

Yule sungura dume alichinjwa Jumamosi mchana, na Mama Dobi hakugusa nyama yake. Aliwapakulia wengine. Mumewe alikula. Wifi yake alikula, kisha akaomba aongezwe mchuzi. Yeye mwenyewe alikaa pembeni ya meza na kikombe cha chai kilichokwisha kupoa, akiwatazama wanavyotafuna. Dume huyo alikuwa wa rangi ya majivu, mwenye mgongo mpana na tabia ya kusogea mlangoni mwa kizimba kila aliposikia mlio wa ndoo. Kosa lake, kwa mujibu wa waliokuwa wakimla, lilikuwa damu mbaya.

"Nyama yake laini," wifi akasema, akitoa mfupa mdomoni. "Damu ndiyo ilikuwa mbovu. Nyama haina neno."

"Kula, wifi," Mama Dobi akajibu. "Marehemu hana pa kukata rufaa."

Mumewe aliinua macho, akayarudisha kwenye sahani. Walikuwa wameoana miaka thelathini na mmoja, na alijua ni sauti ipi ya kujibu na ipi ya kuiacha ipite.

Jina la Mama Dobi lilitokana na miaka ishirini na minne aliyofanya kazi katika chumba cha kufulia nguo hospitalini. Shuka za wodi zote zilipita mikononi mwake. Alipostaafu alirudi nyumbani na viwiko vinavyouma na uwezo wa kunusa unyevunyevu uliojificha ndani ya nguo iliyokunjwa mara nne. Uwezo huo aliuhamishia kwa sungura. Nyuma ya nyumba, kati ya ukuta na tangi la maji, alijenga vizimba sita vya waya na mbao, na kila asubuhi aliingiza mkono katika kila kizimba, akipapasa nyasi kama apapasavyo mama kitanda cha mtoto anayekojoa usiku. Penye unyevu, nyasi zilitoka. Hapakuwa na mjadala.

Kwenye mlango wa kila kizimba cha jike aliandika kwa chaki tarehe ambayo jike huyo alipandwa. Sungura hubeba mimba siku thelathini na moja. Siku ya ishirini na nane Mama Dobi alimwekea jike sanduku la kuzalia: si mapema zaidi, maana jike ataligeuza choo, wala si baadaye, maana atazaa juu ya waya na vitoto, ambavyo huzaliwa uchi na vipofu, vitakufa kwa baridi kabla hajaamka mtu. Ndani ya sanduku alitandaza maranda makavu, juu yake nyasi kavu, kisha akatumbukiza ngumi katikati kufanya shimo. Kazi iliyobaki ilikuwa ya jike mwenyewe, ambaye hujinyofoa manyoya ya kifua na tumbo akawafunika wanawe.

Kwa miaka miwili masanduku yake yalikuwa makasha ya nyanya, yale ya mbao chakavu zenye vibanzi, aliyoyagongelea misumari mwenyewe. Hakuna kitoto kilichowahi kutoka humo na kasoro ya miguu. Ila mumewe aliona aibu.

Mumewe alikuwa seremala, na mtaa mzima ulimwita Fundi Kioo. Kwenye meza aliyoitengeneza yeye ungeweza kujitazama uso ukanyoa ndevu. Watu walitania kwamba ukiweka kikombe juu ya meza ya Fundi Kioo, ukishike, la sivyo utakikuta kwa jirani. Wateja wa sungura walipokuja nyuma ya nyumba wakaona makasha ya nyanya, yeye alihisi wamemwona akiwa na nguo za ndani tu.

"Watasema mke wa fundi anazalishia wanyama kwenye takataka," alisema.

Basi akatengeneza masanduku matatu. Vipimo alivichukua kwa mkewe bila ubishi: urefu inchi kumi na nane, upana kumi, kizingiti cha mbele inchi sita ili kitoto kinachong'ang'ania titi kisiburutwe nje mama anaporuka, na matundu manne sakafuni ya kupitisha mkojo. Vipimo vilikuwa sahihi. Kisha akafanya aliyozoea kufanya. Alipiga randa, akapiga msasa, akarudia msasa mwembamba zaidi, na sakafu akaisugua kwa nta ya nyuki, mkojo usipenye kwenye mbao. Aliyaleta yamefunikwa kwa kitambaa, mithili ya keki.

Majirani waliyaona wakayataka. Katika miezi mitano Fundi Kioo aliuza masanduku kumi na moja.

Katika miezi hiyo hiyo vitoto vya Mama Dobi vilianza kuharibika. Kizazi cha kwanza kilikuwa cha Shuka, jike mweupe, bora kuliko wote. Wiki ya tatu, wakati vitoto vinapotoka kwenye sanduku kuonja majani ya mama yao, vinne kati ya saba havikuweza kusimama. Miguu ya nyuma ilitanuka kushoto na kulia kama ya chura aliyekanyagwa, vikawa vinajivuta kwa tumbo. Mara moja ni bahati mbaya, Mama Dobi alijiambia, na Shuka alipokuwa tayari akampandisha tena. Siku chache baadaye kizazi cha jike wa pili, Madoa, kikatoka sandukuni: sita kati ya wanane, miguu ile ile.

Majike wawili, dume mmoja. Fundi Kioo hakuhitaji karatasi kupiga hesabu hiyo.

"Ni mbegu," alisema. "Mbao ikipinda, angalia mti."

Wifi wa Mama Dobi, dada mkubwa wa Fundi Kioo aliyehamia kwao tangu afiwe na mumewe, aliunga mkono kwa moyo wote. Alikuwa na maoni juu ya damu za watu wengi, na sasa alifurahi kupata ya mnyama. Mama Dobi alibisha siku tatu. Siku ya nne alimtoa dume kizimbani, akamshika masikio yeye mwenyewe. Yule mnyama hakupigana. Alidhani analetewa ndoo.

Shuka alikuwa na mimba ya siku ishirini na moja siku hiyo, mimba ya dume huyo huyo. Mezani hukumu yake nayo ilipitishwa.

"Tumsubiri azae," Fundi Kioo alisema. "Vikitoka vilema tena, na yeye anamfuata bwanake. Tunaanza na mbegu mpya."

"Jike wa miaka mitatu, nyama itakuwa ngumu," wifi akasema. "Huyo ni wa kuchemsha."

Ijumaa iliyofuata, siku ya ishirini na saba, Mama Dobi alilitoa sanduku la Shuka stoo kuliosha. Alilisugua kwa brashi na sabuni, akalisuuza, akaliinamia kufuta sakafu kwa kitambaa. Aliegemeza uzito wake kwenye kiganja. Kiganja kikafyatuka, vifundo vya vidole vikagonga ubao wa mbele, ngozi ikachubuka.

Akakaa chini juu ya ndoo, akinyonya kidole, akilitazama sanduku. Akatia tena kiganja, safari hii polepole. Kikateleza. Akakausha sakafu kabisa kwa upande wa gauni lake, akajaribu mara ya tatu. Kikateleza vilevile.

Hospitalini kulikuwa na chumba kimoja ambacho wafagizi walikatazwa kupaka nta sakafuni. Korido zote ziling'aa, lakini chumba cha mazoezi ya viungo, ambamo waliovunjika nyonga na waliopooza walijifunza upya kutembea, kilikuwa na sakafu ya kukwaruza na mikeka migumu ya mpira. Yeye alikuwa akipeleka taulo humo kila siku. Mfagizi mmoja mgeni alikosea akapaka nta, na mzee aliyekuwa na siku mbili tu tangu aachie magongo akatanuka miguu kama mkasi, akarudi kitandani kwa miezi miwili.

Mama Dobi akainuka kwenye ndoo. Sasa aliona kila kitu kwa mpangilio, na kila alichokiona kilimwongezea hasira. Jike huzikwangua nyasi akazirundika nyuma, na mbele hubaki ubao mtupu. Vitoto hukua, hutambaa kwenye ubao huo kutafuta titi, miguu inateleza nje, inateleza nje, siku kumi, siku kumi na tano, mpaka mifupa ile laini inazoea upande usio wake. Miaka miwili dume yule yule na majike wale wale katika makasha ya nyanya, hakuna kilema. Miezi mitano katika masanduku ya Fundi Kioo, vilema kumi. Na dume alikuwa ameshaliwa, mifupa iko jalalani, na yeye ndiye aliyemshika masikio.

Alimsubiri mumewe ukumbini. Alipokuwa na amani alimwita baba watoto. Alipomwita Fundi, hata kuku uani walijua pa kujificha.

"Fundi, sakafu ya sanduku inateleza. Ndiyo iliyovunja miguu ya vitoto."

Alimweleza yote, kiganja, korido na nta. Fundi Kioo alivua viatu huku akisikiliza, kimoja, halafu cha pili.

"Kwa hiyo sasa sanduku limekuwa mganga wa mifupa," alisema.

"Nimekwambia nilichokiona."

"Mimi nimeshika randa kabla sijakuoa wewe. Nimetengeneza vitanda vya watu, viti vya wazee, vitanda vya watoto. Nani amelemaa?"

"Kitandani kuna godoro. Mtoto wa mtu hatambai juu ya ubao uliopakwa nta siku kumi na tano."

"Nta niliipaka kwa sababu ya mkojo. Mwenyewe ulisifu."

"Nilisifu. Na mimi mjinga."

"Basi subiri azae tuone," alisema Fundi Kioo, na kwa mara ya kwanza alishusha sauti. "Na hayo maneno yasitoke nje ya mlango huu. Nimewauzia watu kumi na mmoja. Unataka niitwe Fundi Kilema?"

Hapo Mama Dobi alielewa kwamba mumewe alikuwa amemwamini tangu neno la nta. Ndilo lililomkera kuliko ubishi wenyewe. Mtu asiyeelewa hueleweshwa. Huyu alielewa, na bado alikuwa tayari Shuka aingie chunguni ili sifa ya msasa wake isikwaruzwe.

Asubuhi ya siku ya ishirini na nane, mumewe alipokwenda kwenye karakana yake, Mama Dobi alifungua sanduku la vifaa lililokuwa chini ya kitanda, akatoa patasi na tupa kubwa. Aliliweka sanduku la kuzalia kwenye jua, akakalia kigoda, akaanza. Kwanza aliikwangua nta ikatoka kama uchafu wa masikio. Kisha akachimba mifereji ya kukata ubao kwa upana, mmoja kila unene wa kidole, halafu akapitisha ya mshazari juu yake. Hakuwa fundi. Patasi iliruka, ikachana, ikanyanyua vipande, na kila kipande kikali alikilainisha kwa tupa kisichome tumbo la kitoto. Sakafu ile nzuri ikawa kama shamba lililochimbwa na nguruwe. Alijaribu kiganja. Kikaganda.

Wifi yake alisimama mlangoni mwa jiko, mikono kiunoni.

"Kaka akiona hiyo."

"Ana macho, ataona."

"Wifi, mtu haharibu kazi ya mumewe hivyo. Kwetu sisi..."

"Kwenu nyinyi mlimla asiye na hatia na mchuzi mkaongeza. Nipishe mwanga."

Alitandaza maranda, akajaza nyasi kavu, akatia ngumi katikati, akalipeleka kwa Shuka. Jike alilinusa, akaingia, akatoka, akaingia tena na nyasi mdomoni.

Fundi Kioo alirudi jioni. Kabla hajafika ukumbini dada yake alikuwa ameshamweleza. Hakwenda kwenye vizimba. Alikwenda chumbani, akatoka na patasi mkononi. Ncha yake ilikuwa imepinda.

"Hii ilikuwa ya baba," alisema.

"Najua."

"Umekwangulia sanduku la sungura patasi ya baba yangu."

"Ningekwangulia kwa meno, ila yameshapungua."

"Unanidharau mbele ya dada yangu."

"Dada yako nimemkuta mlangoni, sikumwalika. Sikiliza, Fundi. Dume wangu nilimshika masikio mwenyewe kwa neno lako. Ulisema mbegu, nikaamini mbegu, kwa sababu wewe huwa husemi kitu usichokijua. Sasa sitaamini mpaka nione. Vikilemaa tena, nitamtoa Shuka mimi, nitamchinja mimi, na nitakula. Lakini ukiligusa sanduku lile kabla ya wiki tatu, utapika na kufua mwenyewe mpaka uzikwe."

Hakuligusa. Pia hakusema naye kwa wiki tatu na zaidi, isipokuwa kupitia dada yake. "Dada, mwambie chumvi imezidi," angesema, na Mama Dobi, aliyekaa hatua moja kutoka alipo, angejibu, "Wifi, mwambie tangi la maji liko nyuma."

Shuka alizaa Jumanne. Asubuhi sanduku lilikuwa limejaa manyoya meupe yanayopumua. Mama Dobi alisugua mikono kwa nyasi za kizimba ili isinuke mtu, akayafunua: wanane, mmoja amekufa. Aliyekufa alimtoa, walio hai akawafunika. Tangu siku hiyo alifanya kazi kama yuko zamu. Kila asubuhi alihesabu matumbo yaliyojaa maziwa. Siku ya sita alikuta nyasi za pembeni zimelowa. Akaviweka vitoto na manyoya kando kwenye kitambaa safi, akatoa nyasi zote, akaweka mpya, akavirudisha vitoto na manyoya yao. Siku ya kumi na moja macho yalianza kufunguka. Siku ya kumi na tatu alivitazama vikitambaa mbele, kwenye ubao uliobaki wazi, akaona vidole vidogo vikishika mifereji, kimoja baada ya kingine. Akarudi jikoni akaosha sufuria ambazo zilikuwa safi.

Siku ya kumi na tisa, saa nne asubuhi, kitoto cha kwanza kilipanda kizingiti, kikaanguka nje kwa kichwa, kikasimama. Kikakaa hivyo, miguu ya nyuma imekunjwa chini yake kama inavyotakiwa, kikijikuna sikio. Kesho yake vilikuwa vinne. Siku ya ishirini na moja vyote saba vilikuwa nje vikigombania jani moja, na hakuna hata kimoja kilichojivuta kwa tumbo.

Fundi Kioo alisimama mbele ya kizimba muda mrefu, mikono nyuma. Dada yake alichungulia begani kwake.

"Pengine damu imejirekebisha," wifi akasema.

"Wifi," Mama Dobi akasema, "baba wa hawa ulimla."

Wifi akakumbuka kitu jikoni.

Fundi Kioo akakohoa. Akasema naye moja kwa moja, mara ya kwanza baada ya siku nyingi. "Nitayapitia yale kumi na moja. Moja moja. Nitawaambia nakagua kama mbao zimepasuka, niyakwaruze, yaishe."

"Hapana."

"Mama watoto, kazi si itakuwa imefanyika?"

"Kazi itakuwa imefanyika, na wao watabaki wanadhani mifugo yao ina laana. Utawaambia. Mimi nitakuwepo."

"Unataka kuniaibisha."

"Ndiyo," alisema Mama Dobi.

Walianza siku hiyo hiyo na nyumba ya karibu, ya Mama Pacha, mwanamke mwenye genge la mboga ambaye alifuga majike watatu. Fundi Kioo alibeba tupa na patasi aliyoinoa upya ndani ya mfuko. Mama Pacha aliwapokea uani, akawafutia benchi. Kabla hawajakaa Mama Dobi aliona kizimba cha mwisho. Mlango ulikuwa wazi, na juu ya waya ilitandazwa ngozi ya sungura mweusi, imegeuzwa, imepakwa chumvi, bado mbichi kingoni.

"Umemchinja lini?" aliuliza.

"Juzi. Si ile habari ya miguu. Vitoto vyangu vitano vilitoka vimetanuka kama vyenu." Akamgeukia fundi kwa heshima. "Nilikutana na Fundi pale barabarani, akaniambia ni mbegu, yeye wake ameshamchinja. Nikasema basi, mtu mwenye ujuzi amesema."

Mama Dobi alimtazama mumewe. Habari hiyo alikuwa hajaisikia. Juzi, kitoto cha kwanza cha Shuka kilikuwa kimeshasimama.

"Lini ulimwambia?" aliuliza, polepole.

Fundi Kioo alitazama mfuko. "Ilikuwa wiki ile. Kabla."

"Kabla ya nini? Ya nta nilikueleza kabla Shuka hajazaa."

Mama Pacha alikuwa bado ameshika kitambaa cha kufutia benchi, akitazama mmoja kisha mwingine.

"Mwambie," Mama Dobi alisema.

"Jirani," Fundi Kioo alianza, "mbao za siku hizi, unajua, zinakuwa na..."

"Si mbao."

Ilibidi Fundi Kioo aanze upya mara mbili. "Sakafu ya sanduku langu inateleza. Niliipiga msasa mno, nikapaka nta. Ndiyo iliyotanua miguu ya vitoto vyako. Dume wako hakuwa na kosa. Nilikuwa nimeshaambiwa, sikutaka kuamini."

Mama Pacha alikunja kitambaa, akakikunja tena. Aliitazama ngozi juu ya waya.

"Na majike wawili nilikuwa nimewaahidi watu kwa Jumapili," alisema. "Wa nyama."

Aliingia bandani, akatoka na sanduku limening'inia kwa mkono mmoja, akalitupa miguuni mwa Fundi Kioo. Benchi lililofutwa hakumwonyesha. Fundi akapiga magoti kwenye udongo, akaegemeza sanduku pajani, akaanza kuchimba mfereji wa kwanza, taratibu, umenyooka, kama mtu anayechonga fremu ya picha.

"Acha urembo," Mama Dobi akamwambia. "Haribu."

Mkono wa Fundi Kioo ulisita. Kisha akaikandamiza patasi, ubao ukapasuka kwa sauti, na Mama Pacha akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia kumwangalia.